Tengeneza Zana Zako za Kutazamia kwa Picha na Vitu vya Asili

Watu walitazamia, yaani walitafuta majibu kwa kusoma alama, kwa vitu vya kuokota zamani sana kabla ya karata za kuchapishwa. Waaguzi wa Wachokwe, huko Angola na nchi jirani, hutikisa kapu lenye vinyago vidogo, mbegu na vipande vya mifupa, kisha husoma vilivyojitokeza juu. Ifá, uaguzi wa Wayoruba wa Afrika Magharibi, ina kokwa 16 za mchikichi na alama 256. Ramli ya mchanga ina maumbo 16, na hakata za Washona ni vibao vinne tu. Nyuma ya kila mojawapo kuna miaka mingi ya kufundishwa na walimu wake, kwa hiyo ukimaliza kazi hii usiiite kwa jina la yoyote kati ya hizo. Utakachotengeneza hapa ni chako: alama chache zilizotoka katika maisha yako, unazozijua kwa undani kuliko mtu mwingine yeyote.

Nina sharti moja ambalo silegezi. Maana ya kila kipande iandikwe kabla swali halijaulizwa. Moyo wenye haraka ya jibu hutunga maana unayoitaka, na hapo hakuna zana, kuna mtu anayezungumza peke yake. Hatua zote zinazofuata zinalilinda sharti hilo.

Hatua ya 1: Amua kama utachomoa au utarusha

Kuna njia mbili za msingi. Ama unachomoa kipande bila kuona, ama unarusha vipande vyote na kusoma kilichoanguka wapi. Amua kabla hujaokota hata kokoto moja. Vipande vya kuchomoa mfukoni sharti vikaribiane ukubwa na uzito. Visipokaribiana, vidole vitajifunza kulitambua jiwe unaloliogopa na kulikwepa, nawe hutajua kwamba vinafanya hivyo. Vya kurusha vinaweza kutofautiana upendavyo, mradi vyote vienee katika viganja viwili na visivunjike vikianguka. Picha ni za kuchomoa.

Kwa anayeanza, napendekeza karata 36 za picha, vitu 12 vya kurusha, na vipande vinne vyenye pande mbili. Taroti, seti ya karata za picha za kutazamia iliyotoka Ulaya, ina karata 78 na wengi hawamalizi kuzijua. Karata za Lenormand, zilizopewa jina la mtabiri wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1843, ni 36 tu, kila moja ikiwa na kitu kimoja kama meli, ufunguo, barua au pete, na bado zinatumika hadi leo.

Hatua ya 2: Chagua picha

Pitia picha zako zote, za simu na zile za zamani, uweke kando kama 100 zinazokusimamisha. Usijiulize kwa nini. Kisha anza kupunguza.

Picha inayosomeka ina jambo linalotendeka ndani yake. Taroti iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909 inasomeka hata na mgeni, kwa kuwa hata karata ndogo, ambazo katika seti nyingi za kale zilionyesha tu idadi ya vikombe au panga, yeye alizitilia watu na matukio: mtu anayeondoka akiviacha vikombe vyake nyuma, mtu aliyeketi kitandani amefunika uso. Tumia kipimo hicho. Machweo mazuri peke yake hayana la kusema. Machweo yenye ngazi iliyoegemezwa ukutani yanauliza nani alipanda, na kama alishuka.

Nyuso ziache nje ya seti. Uso wa mtu unayempenda, au aliyekuumiza, humeza kila maana nyingine; karata hiyo ikitokea utamfikiria yeye tu, hata kama uliuliza habari za kazi. Tena aliye hai hajakubali kugeuzwa alama katika maswali yako. Badala ya uso chukua mikono, mgongo, kivuli, viatu mlangoni, kiti alichozoea kukalia.

Sasa zipange zilizobaki katika mafungu matatu: zinazotuliza, zinazosumbua, na zile zenye mwendo au mabadiliko. Hakika fungu la kwanza litakuwa kubwa kupita kiasi. Tunapiga picha tunapofurahi, na hakuna anayenyoosha simu katikati ya ugomvi. Seti iliyojengwa kwa picha hizo itakubembeleza kila siku bila kukuambia ukweli. Toka basi ukapige makusudi picha za ugumu: mlango uliofungwa kwa minyororo, maji yaliyotuama, kamba iliyokatika, mti uliopandwa karibu mno na ukuta. Zipige kwa uangalifu uleule unaoupa maua. Lenga picha 12 katika kila fungu. Nimeona seti nyingi za watu, na palipo na kasoro karibu kila mara ni hapa, hazina karata ngumu za kutosha.

Zote ziwe za wima au zote za ulalo.

Hatua ya 3: Chapa na ukate

Ukubwa unaofaa ni sentimita 6 kwa 9, karibu sawa na karata za kawaida za kuchezea. Karatasi ya A4 inabeba tisa, hivyo karata 36 zinaenea katika karatasi nne kamili. Ukichapisha kama picha za sentimita 10 kwa 15, kila moja inabeba karata mbili zilizolazwa. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, picha iwe na pikseli zisizopungua 709 kwa 1063. Picha nyingi za simu zinapita kiwango hicho, ila zile zilizotumwa mara nyingi kupitia programu za ujumbe huwa zimebanwa na hutoka na ukungu. Tafuta faili la asili.

Picha ikichapwa hutoka na giza kuliko inavyoonekana kwenye kioo cha simu, kwa hiyo ongeza mwanga kidogo na uchape karatasi moja ya majaribio. Tumia karatasi nzito, kama gramu 300 kwa mita ya mraba. Ikiwa unayo nyepesi tu, ibandike juu ya kadibodi kwa gundi isiyo ya majimaji mengi, uigandamize chini ya vitabu vizito usiku kucha. Gundi yenye maji hupinda karatasi.

Migongo ya karata lazima ifanane kabisa. Doa moja, kona moja iliyochanika, na jicho linaijua karata hiyo kabla hujaigeuza. Pia amua mapema kama karata iliyotoka kichwa chini itakuwa na maana yake. Kama ndiyo, pambo la mgongo liwe sawa juu na chini. Mimi nashauri uache jambo hilo kwa mwaka wa kwanza, kwani maana 36 zinatosha kazi.

Kata zote kwa siku moja, kwa wembe wa kukatia karatasi na rula ya chuma, kisha viringisha kona ili zisichanike. Ukizifunika kwa plastiki ya moto zitadumu, lakini zitateleza na kukataa kuchanganyika mkononi. Hizo zichanganye kwa kuzimwaga kifudifudi mezani na kuzizungusha kwa viganja vyote viwili.

Hatua ya 4: Okota vitu

Tembea pole pole mahali unapopajua, ukiwa huna swali kichwani. Chukua kilichokwisha kuanguka au kufa. Kitu kizuri kwa kazi hii unakitambua hata ukifumba macho: jiwe lenye tundu, mbegu yenye bawa, kijiti kilicholainishwa na maji, ganda la konokono, kipande cha gome, mwiba mkavu, kokwa gumu, kipande cha kioo kilichosuguliwa na bahari. Ukiwa na mawe mawili yanayofanana, acha moja. Andika papo hapo ulikipata wapi na siku hiyo ilikuwaje, kwa maana kumbukumbu hiyo ndiyo itakayozaa maana baadaye.

Yapo ya kuepuka. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mmea uitwao Abrus precatorius ni nzuri mno machoni, na zina sumu kali inayoua. Mbegu za mbarika nazo zina sumu. Usiziweke katika seti itakayofikiwa na watoto. Ganda la konokono wa baharini lenye umbo la pia liangalie kwanza kama lina mwenyewe ndani, maana baadhi ya konokono hao huchoma kwa sumu inayoweza kuua mtu. Hifadhi nyingi zinakataza kuondoa chochote, hata jiwe. Matumbawe na aina kadhaa za makombe ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti kuvuka nazo mipaka. Unyoya pia: nchini Marekani, sheria ya ndege wahamaji ya mwaka 1918 inakataza kumiliki manyoya ya ndege wengi wa porini, hata ya kuokota. Uliza sheria ya ulipo.

Kusafisha ni kazi fupi ikifanywa sawasawa. Mawe na makombe yaoshe kwa sabuni na mswaki mlaini. Siki usiitumie kwenye makombe, kwa sababu asidi hula chokaa yake na kuacha uso uliopauka. Mbegu zianike hadi zikauke kabisa, kisha uzitie kwenye friza siku kadhaa ili wadudu waliomo wafe. Usipofanya hivyo, siku moja utakuta unga mfukoni na tundu katika kila mbegu. Mti mbichi ukauke taratibu kivulini. Ukiukata vipande vya duara utapasuka, kwa sababu mti unaponywea husinyaa zaidi kuzunguka duara lake kuliko kuelekea kwenye kiini. Pasua kijiti kwa urefu badala yake.

Ukitaka kung'arisha, nta ya nyuki inatosha. Ukitumia mafuta ya kitani, tandaza kitambaa ulichopakia mahali pa wazi mpaka kikauke au kiloweke kwenye maji, kwani kikiachwa kimekunjwa kinaweza kujiwasha moto chenyewe.

Hatua ya 5: Vipande vinne vya pande mbili

Hivi ni vidogo lakini ndivyo ninavyovitumia zaidi. Pasua vijiti viwili kwa urefu upate vipande vinne, kila kimoja na upande wa gome na upande mweupe. Maganda manne ya kokwa yanafaa pia. Ukivirusha bila kuvitofautisha, unapata majibu matano, na hayana uzito sawa. Katika njia 16 vinavyoweza kuangukia, vyote vyeupe hutokea kwa njia moja tu, vitatu vyeupe kwa njia nne, viwili kwa sita, kimoja kwa nne, na vyote gome kwa moja. Kwa hiyo maana nzito ziweke kwenye ncha, na ya kati, inayokuja mara nyingi, iwe ya kawaida, kama «bado linapikika, subiri».

Ukivitia alama kila kimoja na kukipa jina, basi njia zote 16 zinakuwa tofauti, na kila moja inaweza kubeba maana yake. Ni idadi ileile ya maumbo ya ramli, ambayo nayo hujengwa kwa mistari minne, kila mmoja ukiwa witiri au shufwa.

Hesabu hiyo inasimama tu ikiwa kila kipande huangukia pande zote kwa usawa. Vitu vya asili si sarafu. Rusha kila kipande mara 100 na uhesabu. Kikiangukia gome mara 75, una njia mbili: kipunguze kwa msasa upande mzito, au kubali tabia yake na uandike maana ukiijua. Kauri, lile ganda dogo la baharini, kwa mfano, haina sababu ya kugawanyika nusu kwa nusu, kwa kuwa mgongo na mdomo wake havifanani.

Hatua ya 6: Andika maana

Hapa usiharakishe. Kaa na vipande vitatu au vinne kwa siku, si zaidi, na daftari la kazi hii pekee.

Shika kipande. Andika kwanza kinachofanya duniani, bila kutia hisia. Mbegu yenye bawa huondoka upepo ukija, haichagui pa kutua, na nyingi haziishii kuota. Kisha andika kinachokufanyia wewe: labda iliokotwa siku ulipoacha kazi. Mwisho unganisha hayo mawili katika sentensi moja fupi yenye kitenzi. «Kuondoka kabla ya kujua pa kutua.» Chini yake andika upande wake wa pili, kwa sababu kila kitu kinao: «Kutawanya nguvu mahali pengi mno.»

Vitenzi ndivyo vinavyoifanya seti izungumze. Ukiandika chini ya picha ya mlango neno «fursa», karata itakaa kimya ikitokea pembeni ya nyingine. Ukiandika «kusubiri kuruhusiwa», ikija pamoja na mbegu yenye bawa unapata habari kamili: unaondoka, lakini bado unasubiri mtu akupe ruhusa. Hapo kuna kitu cha kufikiria.

Usiandike maana inayomfaa kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba wapime usahihi wake kwa alama 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26, na wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale. Sentensi kama «una nguvu ambazo hujazitumia» itakubaliwa siku yoyote na mtu yeyote, hivyo haifai kuwa karata. Jipime hivi: je, naweza kutaja hali ambayo maana hii isingefaa? Ukishindwa, ifute uanze upya.

Vitabu vya alama vifungue baadaye, ukipenda. Maji ni nini kwa watu wengine ni habari nzuri kuijua, lakini ikiwa wewe ulinusurika kuzama, maji katika seti yako ni hilo kwanza.

Hatua ya 7: Andaa kitambaa cha kurushia

Chora duara tatu, moja ndani ya nyingine, kwenye kitambaa kisichoteleza. Kilichoanguka katikati ni kiini cha jambo, duara la pili ni wanaokuzunguka na mazingira, la tatu ni kinachokuja au kinachopita mbali. Kilichotoka nje ya kitambaa hakisomwi. Vitu vinavyogusana husomwa kama sentensi moja, na kile kilicho karibu nawe zaidi kinatangulia. Kama ungependa mpangilio mwingine, upange, ila uandike sasa hivi katika daftari.

Hatua ya 8: Uliza

Njia ninayoipendelea inaunganisha vyote: chomoa picha moja ikupe jambo lenyewe, kisha rusha vipande vinne vikupe hali yake, kwamba limeiva, linapikika, limezuiwa au limekwisha. Vitu 12 na kitambaa viwekee maswali makubwa.

Swali liandike kabla ya kuchanganya. «Nini ambacho sijakitazama katika uamuzi huu?» linajibika vizuri kuliko «Je, nitapata?» Baada ya kurusha, andika ulichokiona kwa macho, bila maana: kipi kiko wapi, kipi kimelala kifudifudi. Kisha nenda kwenye daftari la maana. Kisha ndipo usome. Jibu likikuchukiza, usirudie swali siku hiyo. Kuchukizwa kwenyewe kuandike.

Zana hii haiwezi kukuambia una ugonjwa gani, na haipimi dawa, kesi ya mahakamani wala mkopo. Na kamwe, kwa hali yoyote, usiitumie kutafuta nani aliiba au nani alimroga nani. Watu wamepoteza nyumba zao na uhai wao kwa maneno ya namna hiyo, na kipande cha gome hakina haki ya kumtia mtu hatiani. Inachoweza ni kuweka mbele yako jambo ambalo hukulichagua, ukalazimika kulitazama. Kwa anayeitumia kwa uaminifu, hilo ni kubwa. Kwa swali linalomhusu mtu mwingine, soma sehemu yako wewe tu.

Kutunza na kubadilisha

Weka karata katika sanduku na vitu katika mfuko wa kitambaa, si plastiki, maana unyevu ukinaswa ndani huotesha ukungu kwenye mbegu na mti. Faili za picha zihifadhi sehemu mbili, pamoja na picha ya mgongo wa karata, ili karata ikipotea uweze kuchapa nyingine inayofanana.

Rudi kwenye daftari kila baada ya miezi mitatu ukasome maswali ya zamani pamoja na yaliyotokea baadaye. Utaona karata ambayo hujaielewa hata mara moja, na nyingine unayoisoma vilevile kila ijapo, swali liwe lolote. Hiyo ya pili ndiyo ya kuandikwa upya kwanza. Maana ya zamani usiifute. Pitisha mstari juu yake, andika tarehe, na mpya iende chini yake. Kipande kikivunjika, amua kama nusu zake zinakuwa vipande viwili au kinastaafu kikarudishwa kilikotoka. Vipya viongeze kimoja kimoja, na kisiingie mfukoni kabla sentensi yake haijaandikwa.